Mchanga Mbichi

Herufi za jina la mumewe zilikuwa zimeshajaa mchanga, tena bado umelowa.

Tangu yeye na abiria wenzake wa basi la watalii waanze kuzungushwa kwenye viwanja vya vita, mjane alikuwa akiingoja zamu hii. Kwenye ukuta wa mashujaa, mwongozaji alibeba ndoo ya mchanga uliolowa maji. Ukionyesha jina la mtu wako lililochongwa kwenye jiwe, analipaka mchanga likatokeza, nawe unapiga picha.

"Huyu nimempaka asubuhi, mama," mwongozaji alisema, amechangamka. "Mkewe alikuja na basi la kwanza. Alilia yule, we acha tu!"

Miaka yote mjane akisikia kuna mke mwingine, mumewe alimwambia ni maneno ya watu, naye akameza. Kumbe hata mume alipobaki jina tu ukutani, bado wanagawana!

Alitemea mate ncha ya mtandio, akasugua. Palipogoma alikwangua kwa ukucha, herufi baada ya herufi, mpaka jina likapotea ndani ya jiwe. Abiria wenzake wakashusha kamera.

Akajifuta vidole, akamgeukia mwongozaji.

"Haya, sasa mpake. Mkewe ndiyo kwanza anafika."