Kundi la Wimbo

Raya alikuwa ameshaandika majina ya ishirini wa mbele kuwa kundi la wimbo alipoitazama miguu ya waliopanga foleni.

Jaribio lake la kumbukumbu lilikuwa jepesi: kina mama ishirini wa Mlali wajifunze vipimo vya dawa za watoto kwa wimbo, ishirini kwa maneno matupu. Zahanati ingefuata njia itakayoshinda.

Waliotangulia walivaa sandali safi. Waliishi kando ya barabara, karibu na maduka mapya, na nyimbo za redioni walizikariri kutwa. Wa nyuma walikuwa peku, wenye udongo mwekundu hadi magotini. Walikuwa wameshuka mlimani.

Wimbo ukishinda, nani angejua kama ni wimbo au ni redio?

Akaichana karatasi. Akamimina chunguni maharage ishirini mekundu na ishirini ya njano, akakoroga. “Mekundu ni wimbo. Kila mtu achukue moja bila kutazama.”

“Sisi tumewahi, mwalimu!” mama wa mbele akafoka. “Wimbo ni wetu!”

“Chungu hakijui nani kawahi, dada.” Kisha akamgeukia bibi wa mwisho kabisa. “Shikamoo, bibi. Njoo uanze.”

“Marahaba, mwanangu. Vizuri vyote huisha kabla hatujafika,” bibi akasema huku akicheka, mkono ukizama chunguni.