Neno la Kiingereza

Shashi ilikuwa imegandia kidonda. Niliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikawa naibandua taratibu huku Baba akitazama dari. Harufu siisikii tena. Pua ikizoea imezoea.

Binti yangu akaleta bandeji niliyomtuma, akauona mguu wa babu yake.

"Disgasting!" akasema kwa kinyaa, kaziba pua.

Neno hilo alilidaka kwangu jana, nikiongea na dada kwenye simu, papa hapa kitandani kwa Baba. Mambo yake siku hizi tunayasema kwa Kiingereza. Kiharusi kilimpokonya hata majina yetu, tukaamini na Kiingereza kimekwenda na maji.

"Anasemaje mjukuu wangu?" Baba akauliza.

"Anakupa pole, Baba."

"Nishapoa."

Akautazama mguu wake kwa muda, kana kwamba ni wa jirani. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akamwita mtoto. Mtoto akasogea, vidole bado puani.

"Neno lako nimelisikia," akamwambia. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila silabi ilifika. "Hilo ni la kitu. Kidonda, sawa. Mtu haitwi hivyo."

Ndipo akanitazama mimi, ingawa bado alisema na mtoto.

"Hata mama yako nilimfundisha hivyo hivyo, darasani, kipindi cha Kiingereza. Alikaa dawati la mbele."

Niliinama nikaendelea kubandua shashi.

Ilikuwa imeshatoka zamani.