Pole Inayouma

Siku hizi ukimwambia mtu "pole", kidude kilichopandikizwa nyuma ya sikio lako kinakuhamishia nusu ya maumivu yake mpaka jua lizame. Ndiyo maana mimi, mwenye baridi yabisi mwaka wa kumi na mbili huu, sijaambiwa pole tangu vidude hivyo viletwe.

Asubuhi alikuja wifi yangu, Mwanahawa. Akaniona nimebeba birika kwa viganja viwili, vidole vimevimba, havikunjiki.

"Mungu ni mwema," akasema, macho dirishani.

"Najua. Kunywa chai."

Kikombe kikamponyoka, chai ya moto ikammwagikia pajani. Akapiga yowe, kisha akanitazama mdomo.

"Pole, wifi," nikasema.

Moto ukanishika pajani, na vidole navyo havikuniacha. Yeye akashusha pumzi.

"Na hali yako hiyo! Kwa nini umesema?"

"Kwani mtu akiungua anaambiwaje?"

Akafungua mdomo. Nikasubiri.

"Asante," akasema, akavaa viatu harakaharaka.

Nikamfuata mpaka mlangoni. "Ukiungua tena," nikapaza sauti majirani wasikie, "njoo!"