Fundo la Fundi

Maji ya chemchemi ile ni ya moto na yana chokaa; kila yanapodondokea huacha jiwe. Fundi na mkewe hutundika ndege wa waya chini ya mwamba, wakishaiva kwa kuvikwa jiwe huwauza kama ndege wa mawe.

Asubuhi hiyo mke alikuwa akiwavuna. Nyuma kabisa, penye nguzo za mawe zilizochuruzika kama mishumaa, mkono wake ukagusa kidude kilichoning'inia, kimevaa ganda jeupe. Akakigonga kwa kinyundo.

Pete ya ndoa ya mumewe.

Mwaka jana mume aliapa imemponyoka majini. Mke akapapasa kule chini mpaka vidole vikababuka. Kucha mbili hazikuota tena. Mume alisimama kando akisema, "Basi, mke wangu, yaliyopita si ndwele."

Lakini pete iliyoponyoka haijitundiki. Hii ilikuwa na uzi, na fundo la uzi lilikuwa lake fundi, lile analotundikia ndege.

"Vipi huko?" mume akaita. "Ndege wameiva?"

Mke akaizungusha pete ya kwake kidoleni mpaka ikatoka, akaitundika kando ya ile, kwa fundo lilelile.

"Wote, mume wangu," akajibu. "Bado wawili tu."