Muuzaji Aliyeomba Kupigwa Risasi

Mfanyabiashara alikaza mikanda ya fulana ya kuzuia risasi, akasimama mbele ya tuta la mchanga, akaomba apigwe risasi.

Mama Punguza alimtazama asiamini. Yeye ndiye mkuu wa manunuzi ya jeshi, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuna bei iliyofika mezani kwake ikatoka bila kunyolewa. Mwaka jana aliokoa nusu ya bajeti, akatunukiwa ngao ya shaba. Siku hizi inamsaidia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge.

Lakini fulana hizi zilikuwa rahisi mno hata kwake. Mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka asubuhi hiyo kwenda mpakani, akimpungia mkono huku amekaa juu ya masanduku ndani ya lori. Fulana zingemfuata jioni, kama mama yake angezipitisha. Ndiyo maana aliagiza fulana ivalishwe gunia la mchanga kwanza. Mfanyabiashara ndiye aliyekataa, akidai gunia halina cha kupoteza. Mwanasheria wa jeshi akamtaka atie saini kwamba akifa, amejitakia.

"Mtatumia risasi zenu za ghalani?" mfanyabiashara aliuliza.

"Hizo hizo wanazotumia vijana wetu."

"Basi sina wasiwasi, mama."

Sajini alilala kifudifudi, akalenga. Mfanyabiashara akapiga mwayo. Mama Punguza alipouona mwayo ule moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaitoa kalamu mkobani.

Bunduki ilitoa mlio mdogo, ta, kisha kimya. Sajini aliikoki tena. Ta. Akabadilisha bunduki, akafungua sanduku jingine la risasi, akapangusa jasho, akalenga upya. Ta.

Mfanyabiashara alikuwa ameshaanza kulegeza mikanda. Fulana haikuwa na hata mkwaruzo.

"Kwani wewe hukuogopa?" Mama Punguza alimuuliza polepole.

"Niogope nini, mama? Risasi hizo si niliwauzia mimi mwenyewe mwaka jana, uliponikata bei nusu?"

Kalamu ilimponyoka. Mama Punguza alikuwa amekumbuka masanduku aliyoyakalia mwanawe.