Salamu ya Jumbe

Wazee wa Mbegani tulimchagua Muhidini, tukamfunga kilemba cha ujumbe, awe mkuu wa mji. Binamu yake aliyeukosa akasusa. Mwaka mzima hakumwamkia. Wakikutana njiani, binamu alitema mate, akapita.

Ndipo Wadachi wakaja, wakatukalisha mchangani. Askari wao alishika kamba.

“Jumbe wenu aliwapa watu bunduki. Leo atanyongwa. Ni yupi?”

Kilemba cha Muhidini nilikuwa nimekikalia mimi.

Binamu akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda kumwinamia Muhidini mbele ya watu wote.

“Shikamoo, jumbe.”

Salamu ile Muhidini aliingoja mwaka mzima. Nikamfinya paja. Wapi! Uso ulishamng’aa, kifua kimemjaa.

“Marahaba,” akaitika.