Kovu Lililofutwa

"Mmemfuta kovu," alisema yule mama, kabla hata hajakaribishwa kiti.

Kifutio alisimama, akamwamkia, akamsogezea kiti. Jina hilo wenzake wa ofisi ya matangazo walimbandika kwa sababu kazi yake kutwa ilikuwa kufuta: chunusi, mikunjo, jasho, na chochote kinachomkumbusha mteja kwamba binadamu ana ngozi.

Tangazo lenyewe lilikuwa la sabuni ya uso, na kusema kweli hapa hawakulibuni. Makao makuu ya ng'ambo hupiga picha moja na kuituma kila nchi. Ofisi za huku zinafuta dosari, zinabadili rangi ya ukuta wa nyuma, zinabandika maneno yao, basi. Huo ndio ubunifu, na watu wanaupigia makofi.

"Bango lenu linatazama dirisha langu la jikoni," mama akasema. "Huyu binti ana kovu juu ya jicho la kushoto. Alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo. Mmempata wapi?"

Aliukumbatia mkoba wake kifuani. Kifutio alimhurumia mno. Akafungua picha ya asili kwenye kompyuta, ile ambayo mtu wa nje hajawahi kuiona. Kovu lilikuwepo. Alilifuta yeye mwenyewe, kwa amri ya bosi.

Mama alitazama, kisha akafumba macho.

"Ni mwanao?"

"Ndiye. Hajabadilika hata kidogo."

"Basi sabuni ni nzuri kweli," Kifutio akatania, lakini mama hakucheka. "Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Miaka mingi. Nilimwandaa kwa mikono yangu, nikamvalisha nguo nyeupe. Wanaume wakaja wakamchukua. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake wenzangu."

Bibi harusi, Kifutio akawaza. Kaolewa mbali, kanogewa na ng'ambo, hata salamu hatumi. Hasira zikampanda. Mama yake mwenyewe alikwisha fariki, naye angetoa chochote amwone tena, hata kwenye bango.

Habari za wanamitindo hazitolewi kwa mtu yeyote. Bosi angejua, kibarua kingeota nyasi. Liwalo na liwe. Akamwandikia mwenzake wa ng'ambo: mama mzazi wa yule dada wa picha yuko hapa, anamjua mpaka kovu, mpaka ngazi aliyoangukia. Tafadhali mwambieni.

"Vuta subira, mama. Leo hii utapata jibu."

"Niambie ukweli tu, baba. Usinifiche."

Akamletea chai, lakini mama hakuigusa. Aliigeuzageuza kamba ya mkoba, akauliza bila kuinua macho: "Siku hizi mnaweza kumtengeneza mtu kwa kompyuta, sivyo? Mtu asiyekuwepo?"

"Tunaweza, tena kila siku. Lakini huyu ni mtu kamili, ana nyama na damu. Toa shaka kabisa."

Mama akatikisa kichwa polepole. Kifutio akaona kwamba furaha imemzidi, maskini, akamwacha apumue.

Simu ikaita. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa na habari njema: yule dada yupo studio muda huu huu, wanampiga picha za tangazo jingine. Aliposomewa habari ya kovu na ngazi aliangua kilio, na sasa hataki kingine ila simu. Kifutio machozi yakamlengalenga. Tangu aajiriwe hapa, leo ndiyo kwanza kazi yake imemfaa mtu. Akabonyeza spika, akaiweka simu mezani mbele ya mama.

"Mama?" ikasema sauti changa. "Mama, ni wewe?"

Mama aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Kiti kikaanguka.

"Mama, mbona hunijibu?"

"Zungumza naye, mama," Kifutio akambembeleza. "Usiogope. Si ndiye uliyekuwa unamtafuta?"

"Sikuwa namtafuta," mama akanong'ona, macho yamemtoka kuitazama ile simu. "Nilikuja uniambie kwamba mmemchora tu. Binti yangu alikufa, baba. Maiti yake niliiosha mimi."